Vidonge vya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Bwana Maswali, na kwa jina hilo hakuonewa. Wewe nenda pale kwenye duka lake la dawa, lile lililobanwa kati ya saluni na fundi simu, useme unataka dawa ya kichwa tu, uone. Hakupi. Kwanza anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe, halafu anaanza. Kichwa kinauma upande gani? Umekula? Una vidonda vya tumbo? Kuna dawa nyingine unakunywa? Kama ni mwanamke anashusha sauti na kuuliza habari za mimba, na kama foleni nyuma yako inaguna, hiyo ni shauri yao. Watu walisema ukienda kununua dawa kwa Bwana Maswali unafanyiwa usaili wa kazi, na kazi yenyewe hupati.

Lakini walirudi, na walikuwa na sababu. Mama mwenye mtoto wa pumu alifundishwa pale kutumia pampu, akaambiwa arudie na arudie tena mpaka akaipatia. Muuza magazeti aliyekuwa anakuja kila mara kutaka dawa ya maji ya kikohozi alikataliwa katakata. Bwana Maswali alifunga duka mchana kweupe akamsindikiza mwenyewe kliniki akapimwe kifua kikuu. Dereva wa lori aliyetaka nusu dozi ya antibayotiki alifukuzwa kwa maneno makali, akaondoka anatukana, na kesho yake akarudi kimya kununua dozi nzima. Presha alipima bure, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na ukicheka wakati mkanda unakaza anakwambia nyamaza, unaniharibia kipimo.

Sasa mtu huyu, jamani, anayemhoji hata mtoto aliyetumwa plasta, alikuwa na mteja mmoja ambaye hakuwahi kumuuliza lolote. Mteja huyo ni mama mkwe wake.

Mama Mkwe alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Miaka yake yote ya kazi aliimaliza amesimama kwenye sakafu ya saruji, mbele ya masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, na alipostaafu aliondoka na magoti yaliyomtia adabu kila alipotaka kuinuka. Magoti yalichoka lakini sauti haikuchoka. Ilikuwa sauti ya kunyamazisha bwalo zima, na siku Bwana Maswali alipokuja kuposa, ilimwangukia yeye. "Huyu muuza vidonge ndiye mliyeniletea?" Mama Mkwe aliuliza, akiwatazama wazee waliomleta. Watu walicheka. Kijana wa watu naye alicheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole na mkubwa wake.

Binti alitolewa, ndoa ikafungwa, watoto wakazaliwa. Mama Mkwe akaendelea kumwita mkwewe "huyo bwana wa binti yangu", kama vile jina lake lilikuwa na miiba. Bwana Maswali alijikaza. Alituma salamu, alituma zawadi, alisimama pembeni kwenye shughuli za ukweni akingoja kutumwa. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwona.

Ikaja siku ya harusi ya shemeji yake, yaani mdogo wa kiume wa mkewe. Bibi harusi amefika, muziki umewashwa, na mama wa bwana harusi hawezi kunyanyuka kitini. Mke wa Bwana Maswali alimvuta mumewe pembeni akamnong'oneza kwamba mama amekaa chumbani analia kwa maumivu ya miguu. Bwana Maswali alikuwa na diklofenaki mfukoni, dawa ya maumivu yenye nguvu, ile ambayo dirishani kwake huipati mpaka umejibu habari za tumbo lako, presha yako na figo zako. Akatoa vidonge, akampa mkewe, mkewe akaingia navyo chumbani. Maswali yakabaki mdomoni.

Na kwa kweli angeulizaje? Ni mama mkwe huyo. Mtu hamuulizi mama wa mkewe habari za tumbo, choo na mkojo. Hata kumkazia macho tu ni kumvunjia heshima. Basi Mama Mkwe akanywa, akakaa kidogo, akatoka. Akacheza mpaka vijana wakampisha. Halafu akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti na kusema, watu wote wanasikia, "Mkwe wangu ana mkono wa dawa, nyie. Nimesema mkwe wangu."

Mkwe wangu. Bwana Maswali alisimama pale na sahani yake ya chakula, machozi yanamlenga, akajifanya ni moshi wa jikoni.

Tangu siku ile kila mkewe alipokwenda kumsalimia mama yake aliambiwa, "Mwambie mkwe wangu anikumbuke na vile vidonge vyangu." Bwana Maswali alivitia kwenye bahasha ndogo. Bahasha za watu wengine aliziandikia maelezo ambayo hata mlevi angeyafuata; ya Mama Mkwe hakuiandikia kitu. Baadaye mkewe alizoea, akawa anapita nyuma ya kaunta anajichukulia mwenyewe rafuni huku wanaongea mambo ya nyumbani. Bwana Maswali aliona pengo pale rafuni, akalijaza, akaendelea na kazi.

Tusimwonee, heshima ilikuwepo. Ila haikuwa heshima peke yake, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mimi ninayekusimulia. Alijua kwamba akimuuliza Mama Mkwe atajibiwa, na akijibiwa itabidi amkatalie, na akimkatalia atarudi kuwa muuza vidonge. Kilemba cha kuitwa mkwe kilikuwa kimemkaa vizuri kichwani. Siku moja wanakula, mkewe akasema kliniki wamemwongezea mama dawa za presha, maana presha inakataa kushuka. Bwana Maswali alitafuna taratibu. Alijua kabisa kwamba vile vidonge hupandisha presha, na kwamba ukivichanganya na dawa za presha kwa muda mrefu unaziadhibu figo. Asubuhi ileile alikuwa amemweleza hivyo seremala mmoja pale dirishani, mpaka seremala akapiga miayo.

"Apunguze chumvi," akasema, akaomba maji ya kunawa.

Ndivyo alivyosema, na aibu yake aliimeza pamoja na tonge la mwisho.

Haikupita muda mrefu Mama Mkwe akaanza kuvimba, miguu kwanza, kisha uso. Chakula kikamkataa. Shemeji, yule aliyefanyiwa harusi, ndiye aliyempakia kwenye gari la jirani na kumkimbiza hospitali. Wote walikutana kwenye ujia nje ya wodi, na daktari wa wodi, mwanamke mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, akawaambia figo za mama zimeshtuka na hazifanyi kazi inavyotakiwa.

"Nataka kujua kitu kimoja," daktari akasema. "Zaidi ya dawa za kliniki, anatumia nini? Dawa za maumivu? Miti shamba? Chochote."

Mkewe akamgeukia Bwana Maswali. Hakumgeukia kwa kumshuku. Alimgeukia kama unavyomgeukia fundi, ili aseme mwenye kujua. Na Bwana Maswali, ambaye hajawahi kukosa neno dirishani kwake, akajitia hamnazo na kutazama viatu vyake. Alijiambia atamfuata daktari faragha, baada ya shemeji kuondoka.

Shemeji hakuondoka. "Mizizi," akasema shemeji. "Ni yule bibi wa mizizi pale kituo cha basi. Mama alikuwa anapita kwake."

"Inawezekana," daktari akasema. "Mizizi mingine ni mikali sana."

Hapo Bwana Maswali alipata nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyokuja kumtesa kuliko yote. Alifurahi, mwenzangu. Kwa sekunde chache pale ujiani alifurahia mtu mwingine kubeba mzigo wake.

Bibi wa Mizizi alikuwa anauza pale kituoni, ng'ambo ya barabara, mkabala na duka la dawa, meza yake imejaa magome na vifungu vya mizizi vilivyofungwa kwa kamba. Kwa hiyo Bwana Maswali alikuwa nyuma ya dirisha lake, anaona kila kitu, shemeji alipokuja kuipindua ile meza. Magome yalimwagikia mtaroni. Watu wakajaa.

"Unaniulia mama yangu," shemeji alimwambia.

"Nilimpa ya kusugua, baba," Bibi wa Mizizi akasema, anaokota magome yake. "Ya kusugua magoti. Sikumpa ya kunywa."

"Muongo mkubwa wewe."

Mtu mmoja akapaza sauti kuelekea dirishani. "Wewe si mtaalamu? Hebu tuambie, mizizi inaua figo, haiui?"

Macho yote yakahamia kwake. Bwana Maswali akafungua mdomo. "Tusubiri majibu ya hospitali," akasema, akageuka kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Wateja wa siku ile walimsifu. Walisema ndiyo maana sisi tunakuja kwako, unauliza kwanza, si kama wale wanaouzia watu magome kama kuni. Kila sifa ilimchoma. Ng'ambo ya barabara Bibi wa Mizizi aliisimamisha meza yake, mguu mmoja umevunjika, akaegemeza kwa tofali, akakaa. Hakuna aliyesimama kununua.

Usidhani Bwana Maswali hakuwa na utetezi. Alikuwa nao, na aliupitia kama mtu anavyopitia nguo ya kuazima kabla ya kuivaa. Mama yuko hospitali. Vidonge vimekoma. Dripu inapita, figo zitaamka zenyewe, mama atarudi nyumbani, na yeye atatafuta namna ya kumwachisha taratibu bila mtu kuaibika. Bibi wa Mizizi naye watu watamsahau. Kusema sasa kutamsaidia nani?

Ila figo hazikuamka. Kila walipokwenda daktari alitikisa kichwa, na mara ya mwisho akataja mashine ya kusafisha damu, iliyoko hospitali kubwa mbali na pale, yenye foleni ya watu wengi kuliko vitanda. Akasema mama akichelewa wanaweza kumpoteza. Bwana Maswali hakuelewa. Kwa alivyosoma na alivyoona, ukiondoa dawa mbaya mapema figo hujitahidi. Za Mama Mkwe zilikuwa zinazidi kuzama, kama bado kuna mtu anazikandamiza.

Alasiri moja yuko dukani, watu wapo kwenye foleni, mkewe akapita akielekea hospitali na kikapu chenye chupa ya uji. Akaingia nyuma ya kaunta kama kawaida yake, akanyoosha mkono rafuni.

"Unachukua nini?" Bwana Maswali akauliza.

"Si vile vya mama. Miguu haimpi raha pale kitandani, kila nikienda ananiomba. Anavificha chini ya mto, maana wale wauguzi ni wakali."

"Anavinywa? Humo wodini?"

"Kwani vina nini?" Mkewe alikuwa bado ameshika pakiti. "Si wewe uliona havina neno?"

"Nilisema hivyo lini?"

Mkewe akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, hasemi ambacho hakikusemwa. "Hukusema," akakubali. "Daktari alituuliza pale, nikakutazama, ukanyamaza. Nikajua havina neno."

Bwana Maswali aliwatoa watu wote dukani, akafunga bila kuvua koti. Njiani alimweleza mkewe kila kitu, kuanzia ile siku ya chumvi. Mkewe hakupiga kelele wala hakulia. Alihamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kikawa katikati yao, na wakaenda hivyo mpaka getini.

Wodini walimkuta daktari yuko kitanda cha pili, na shemeji ameketi miguuni kwa mama yake. Mama Mkwe alikuwa ameegemezwa kwenye mto, uso umejaa, macho yamekuwa mistari. Bwana Maswali alipiga moyo konde akamwendea daktari papo hapo, kabla miguu haijabadili mawazo.

"Daktari, uliuliza dawa za maumivu. Anakunywa diklofenaki. Ya muda mrefu. Nilikuwa nampa mimi. Nilikuwepo siku ulipouliza, nikanyamaza."

Shemeji akainuka. Na kabla hajasema, mama yake akasema.

"Anasema nini huyu?" Sauti ilikuwa imepungua lakini ilikuwa ileile ya bwaloni. "Mimi sijanywa kidonge cha mkwe wangu hata siku moja. Mkwe wangu ni mtu wa maana, daktari. Sitaki asingiziwe, hata na yeye mwenyewe."

"Mama," daktari akasema, "ni muhimu sana tujue."

"Ni yule bibi na mizizi yake. Nimelala hapa, kesho siijui, halafu nidanganye?"

Daktari akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mlango ukawa wazi kabisa kwa Bwana Maswali. Mama wa watu ameufungua kwa mikono yake miwili: anamkinga mkwewe, na kinga yenyewe inamuua. Angenyamaza tu. Kazi hiyo alikuwa ameshaizoea.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama mkwe wake. Mkewe alishtuka, kwa sababu jambo hilo halifanywi. "Mama, hiyo si kweli," Bwana Maswali akasema. Akaingiza mkono chini ya mto, karibu na shingo ya mama mkwe wake, pale pana joto la jasho la homa, akatoa pakiti ambayo nusu yake ilikuwa imeshatobolewa. Akaiweka juu ya shuka, kila mtu aione.

"Leo umekunywa?" akauliza.

Mama Mkwe alikuwa anamtazama kama mtu aliyeingiliwa chumbani.

"Mkojo unatoka, Mama? Kiasi gani? Rangi yake ikoje? Tumbo linawaka? Choo kimewahi kuwa cheusi?"

Alimuuliza Mama Mkwe yote, mbele ya mwanawe wa kiume, mbele ya binti yake, mbele ya wagonjwa wa vitanda vya jirani walioacha kuongea ili wasikie. Shemeji alimkamata ukosi wa koti, kitambaa kikapasuka, na Bwana Maswali akaendelea kuuliza. Mama Mkwe akavuta shuka akajifunika uso. Kisha, kutoka chini ya shuka, akajibu moja baada ya jingine, kwa sauti ndogo ambayo watoto wake hawakuwahi kuisikia. Daktari alikuwa anaandika. Alipomaliza alimwambia Bwana Maswali, kwa upole, kama mtu wa kazi anavyomwambia mwenzake, "Wewe ulikuwa unajua hivi vidonge vinafanya nini." Bwana Maswali akasema ndiyo, alikuwa anajua.

Vidonge viliondolewa, na figo zikaanza kujivuta. Hawakuhitaji mashine. Lakini hazikurudi zote. Daktari aliwaeleza kwamba sehemu iliyokufa imekufa, na mama ataishi kwa kupimwa na kujinyima. Bwana Maswali alimchukua shemeji wakaenda kituoni, akamwambia Bibi wa Mizizi ukweli wote kwa sauti ya juu ili watu wasikie. Shemeji alimtengenezea mguu wa meza. Bibi wa Mizizi alisema sawa, akaendelea kupanga magome yake, hakuwaangalia tena. Baadhi ya wateja wake walirudi. Baadhi ya wateja wa Bwana Maswali walihama, na hao hakuwalaumu.

Mama Mkwe aliporuhusiwa, Bwana Maswali alikwenda kwake na kipimo cha presha. Alimkuta kwenye kiti sebuleni, akasalimia, akapiga magoti kumfunga mkanda mkononi. Mama Mkwe alitoa mkono bila ubishi. Aliulizwa habari za usingizi, akajibu. Akaulizwa mkojo, akajibu, anatazama ukutani.

"Na miguu?"

"Inauma."

"Sana?"

"Sana."

Kwa maumivu yale hakuwa na dawa ya kumpa, zaidi ya ya kupaka, na wote wawili walijua kwamba ya kupaka haitamfikisha popote. Akasema ataileta. Kisha akasema, bado yuko magotini, "Mama, nisamehe. Kwa vidonge, na kwa siku ile wodini."

"Nimeshasamehe," Mama Mkwe akasema. Akavuta nguo yake vizuri kufunika magoti, kama unavyofanya mbele ya mtu usiyemjua. Miaka mingi iliyopita alimwita muuza vidonge, baadaye akamwita bwana wa binti yangu, na tangu ile harusi akamwita mkwe wangu. Sasa alimgeukia kwa adabu zote.

"Kuna swali jingine, Daktari?"

Bwana Maswali alikuwa anakunja mkanda. "Hakuna, Mama," akasema.